Mlango Ule Si Mlango

Walthamstow, London
4 Februari 1986

Zuwena, mwana wa mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniambia shikamoo, maana najua huko uliko hukumbuki. Sie wazima. Goti langu la kushoto bado linaijua mvua kuliko redio. Placida, yule nesi wa Bukoba niliyempangisha chumba cha juu, siku hizi analala mchana, basi nyumbani kwangu mwenyewe natembea na soksi kama mwizi. Sokoni imekuja mihogo mizuri. Nikakuwekea, ikaoza. Nimeweka mingine.

Anayeandika ni Kanti, kama kawaida. Nimekaa dukani kwake, nyuma ya magazeti, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee. Ananitengenezea hivyo hivyo, namuona.

Kaseti yako imefika. Redio yangu haina pa kutia kaseti, Kanti akaitia kwenye yake ya dukani, saa ile watu wanatoka makazini, foleni imefika mlangoni. Wimbo wa kwanza kelele. Wa pili kelele, lakini sauti yako nikaijua, nikawaambia watu wote, huyo mjukuu wangu, hiyo ndiyo bendi yake. Mzungu mmoja mwenye mbwa akaniuliza bendi inaitwaje, nikamwambia Gas Meters, na mpaka leo sijui mtu mwenye akili zake atajiitaje mita ya gesi.

Ukaja wa tatu.

Niliruka pale kibaoni na goti hili hili, nikaichomoa kaseti redio ikiwa inaimba. Utepe ukatoka kama utumbo wa kuku. Kanti akasema, "Bibi, vipi tena? Huo ndio mzuri!" Na yule wa mbwa akasema mzuri. Nikaondoka bila mkate wangu.

Wimbo wa tatu usiuimbe tena, Zuwena. Leeds usiuimbe, na huko mnakokwenda baada ya Leeds usiuimbe. Usiniulize kwa nini.

Vaa soksi mbili. Avtar mwambie akiona usingizi asimamishe gari, aseme, asione haya. Na wewe kula kitu chenye mchuzi.

Bibi yako,
Mwanamize


Hull
27 Februari 1986

Bibi yangu,

Shikamoo. Umeona? Nimekumbuka. Barua yako ilikwenda Leeds, klabu wakaipeleka Sheffield, Sheffield wakampa mtu akatuletea hapa, basi usiseme nimechelewa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ulisema barua ya Kizungu huisikilizi. Makosa nisamehe. Bwana Kanti naye shikamoo, najua ndiye anayenisoma.

Mimi mzima. Avtar mzima, ila kochi tulilolalia Newcastle limempinda shingo, sasa anapiga dramu kama anatazama kitu dirishani. Shiraz amenunua koti, haongei habari nyingine.

Sasa nisikilize. Kwa miaka mitatu tumekuwa ndani ya veni moja. Tulianza gereji ya baba yake Avtar, Ilford, unakumbuka, ulikuja na sufuria la pilau ukatuuliza wanamuziki wako wapi. Tumepiga miji ambayo watu waliokuja walikuwa sita, na mmoja alikuwa anamsubiri mkewe. Santuri ya kwanza tulitoa wenyewe, hapana kampuni, majalada tuliyagandisha kwenye meza yako na gundi mpaka leo iko. Gari limetufia barabarani kwenye theluji, Uskochi. Wapiga gitaa wawili walituacha kabla hatujampata Shiraz. Hakuna aliyetujua, Bibi. Watu walikuwa wanaongea sisi tukipiga.

Halafu nikaanza kuimba huo wa tatu, na wakanyamaza. Ukumbi mzima. Siku hizi wanauimba na mimi, hawajui maana, lakini wanauimba wote:

Mgeni yu mlangoni, fungua kwa taratibu,
Asigonge kwa vishindo, aingie kwa adabu.

Huwa nawaeleza kwanza kwamba ni wimbo wa kwetu wa kupokea wageni. Wa ukarimu. Wanapiga makofi.

Na kuna kampuni imekuja. Kampuni kubwa, wana jengo lao. Wanataka kutoa santuri yetu, na wanataka wimbo huo uwe wa mbele. Mwezi wa sita tunaingia studio. Sasa wewe unaniambia usiimbe, halafu usiulize kwa nini. Bibi, nauliza. Kwa nini?

Mjukuu wako,
Zuwena


Walthamstow
9 Machi 1986

Zuwena,

Sie wazima, goti hivyo hivyo, Placida amepata mafua na anajitibu kwa vidonge badala ya tangawizi yangu. Hizo ndizo habari. Sasa tuje kwako.

Ukarimu!

Kanti alikuwa ananisomea barua yako, watu wamejaa dukani, na wewe unaijua sauti yake, ya kutangaza. Alipofika kwenye yale maneno aliyasoma kwa madaha, na mkono akaunyoosha. Nikamnyang'anya karatasi. Akasema, "Bibi, mashairi mazuri, anamkaribisha mgeni." Nikamwambia Kanti, nyamaza, toka duka lako la Darajani, Unguja, mpaka hapa hujawahi kujua lini unyamaze.

Sikiliza, na sirudii. Mgeni yule si mgeni. Na mlango ule si mlango. Basi. Nimeshasema mengi kuliko inavyofaa, na nimemwambia mwanamume ayaandike.

Kwetu mtoto wa kike huchezwa. Huwekwa ndani na wanawake, pamoja na kungwi wake, ngoma ikapigwa, akaambiwa ya kuambiwa, na akitoka anajua. Nyimbo za humo ndani hazitoki nje. Mwanamume hazisikii. Na mwanamke ambaye hajachezwa hazisikii. Nilitaka Placida ndiye aniandikie, ni mtoto mzuri, ana adabu zake, lakini naye hakuchezwa. Na wewe, roho yangu, na wewe hukuchezwa. Kwa hivyo hata ungekuwa umekaa hapa mbele yangu unakula, maana yake nisingekwambia. Sikukatalii kwa ukali. Sina pa kuipitishia.

Na wewe unaisimamisha juu ya jukwaa, unaieleza, na wanaume wa Hull wanaitikia. Nimekaa na jambo hilo tangu juzi.

Uache. Hao wa kampuni wape kelele nyingine, mnazo nyingi.

Bibi yako,
Mwanamize

Mimi Kanti naongeza hapa bila ya Bibi kujua. Zuwena, nilifunga duka jioni nikaanza kuyafikiria yale maneno. Nadhani sasa nimeelewa. Niliyasoma kwa sauti mbele ya Bibi Sudha wa hekalu. Tafadhali usiniandikie tena mashairi.


Hamburg
30 Aprili 1986

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima mfukoni. Tumepiga Uholanzi na Ujerumani karibu kila siku, na kila siku mahali pa wimbo ule panafika, na kila siku nauimba. Sitakuficha.

Unasema haitoki nje. Basi mimi niliusikia wapi? Sikuiba. Mama alikuwa anauimba akinisuka nywele, pale kwenye ngazi, mimi katikati ya magoti yake. Wewe ulikuwa jikoni unamwitikia. Mlinitia masikioni nikiwa mdogo, leo mnaniambia masikio hayakuwa yangu.

Tangu tulipomzika Mama, mimi nina miaka tisa, hujalitaja jina lake. Hata mara moja. Picha uliziondoa. Nikiuliza, unaniuliza nimekula. Sijui alikuwa mtu gani, Bibi. Sijui alikuwa anacheka nini. Ninachojua ni mistari minne ya wimbo, na mikono yake kichwani kwangu, na sasa unataka nikupe mistari hiyo pia.

Shiraz anasema nikiuacha wimbo huo, kampuni itaondoka na yeye ataondoka. Avtar anaendesha tu. Studio ni Jumatatu tarehe tisa mwezi wa sita. Nitakwenda.

Zuwena


Walthamstow
12 Mei 1986

Zuwena,

Sina habari za goti leo.

Kanti amenisomea, duka limefungwa, amegeuza kibao cha mlangoni. Alisoma polepole, na alipomaliza akaniuliza kama nataka maji.

Shemsa. Haya. Nimelitaja. Kanti ameacha kuandika ananitazama. Andika, Kanti. Shemsa, Shemsa, mwanangu Shemsa.

Tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, nilibeba watu wawili, yeye na wewe tumboni mwake. Babako alikwenda kuuliza habari za nduguze akawa hakurudi. Nilijiambia, Mwanamize, hawa wawili ndio wako. Hapa baridi hii ikanichukulia mmoja. Nilipokuwa silitaji jina lake, si kwamba nilisahau. Nilikuwa na wewe wa kulisha, na mtu hawezi kupika huku analia, chumvi inazidi. Ndivyo nilivyofanya. Ningefanya tena.

Sasa sikiliza neno ulilokuwa hulijui. Wimbo ule si wa kila mtu. Bi. Time ndiye aliyekuwa kungwi wa mama yako, na mwari wake huyo mmoja alimtungia wimbo wake mwenyewe, siku ya kumtoa. Hapana mtu mwingine aliyechezwa kwa wimbo ule. Kwa hivyo umesema kweli, ni wa mama yako. Lakini wewe una kipande cha juu tu, na unakipeleka sokoni ukidhani ndio mzigo wote. Kuna cha katikati, na kuna jibu lake. Mama yako yumo humo. Alivyokuwa, alivyocheka, yote mle.

Bi. Time yu hai. Yuko Ilford kwa mwanawe, macho yamekwenda, ulimi uko. Nimemuuliza. Amesema hujaolewa, haidhuru, atakucheza. Akaniuliza msichana anafanya kazi gani, nikasema ana bendi. Akasema basi angalau hatupati tabu ya kumfundisha mapigo.

Ijumaa tarehe sita, kabla ya hiyo Jumatatu yenu. Hapa nyumbani. Mapazia yatafungwa, Placida atakwenda kwa rafiki yake. Ngoma hatuna. Avtar alete ile kubwa ya miguu, aiweke kizingitini, agonge, aondoke, asigeuke nyuma.

Na hili ulisikie na mwisho wake. Ukiutia wimbo ule kwenye santuri, nyumba hii bado yako, sahani yako ipo, nitakufulia na nguo. Sitakufukuza, mie si mtu wa kufukuza, nimefukuzwa. Lakini Bi. Time hatakucheza tena. Amesema mwenyewe, wimbo ukishauzwa dukani hauna tena ndani. Sisi tukifa, kile kipande cha mama yako usichokijua kitakuwa kimekwenda, na wewe utabaki na mlango.

Bibi yako


Walthamstow
3 Juni 1986

Zuwena,

Barua hii Kanti ameichukua mwenyewe kwa basi mpaka kwa mama yake Avtar, ili ukifika London uikute. Hujajibu.

Bi. Time ameshafika. Amelala kwenye kitanda chako. Anauliza, mwari yuko wapi, namwambia njiani. Sijui kama nimesema uongo.

Pilau nitapika kwa watu wengi. Nitapika tu.

Mwanamize


Leicester
29 Juni 1986

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, na mara ya tatu kwa Bi. Time. Mikono yangu bado ina hina, watu huku wanauliza ni ugonjwa gani.

Nimengoja mpaka niweze kuandika bila kucheka. Bibi! Hull! Mia tatu wale! Na Newcastle niliwafundisha waitikie wanaume upande huu, wanawake upande huu! Nikikumbuka nafunika uso hapa hapa kwenye veni. Avtar ananiuliza nini, namwambia endesha.

Siwezi kukwambia mengi maana Bwana Kanti anasoma, shikamoo Bwana Kanti, hakuna mashairi. Lakini moja nadhani anaruhusiwa kulisikia. Sikuwa najua kwamba Mama alikuwa anabamiza milango. Kwamba akikasirika nyumba nzima ya Malindi, Unguja, ilitikisika mpaka jirani wanauliza nani kafa. Bi. Time alipoufikia mstari wa vishindo, nyinyi mabibi wote mkaanguka kwa kicheko, na wewe ukacheka mpaka ukashika mguu wa kitanda, na mimi nikakaa pale katikati nikajua kwamba siku ile, kule, walicheka vivyo hivyo, na yeye alikuwa amekaa kama mimi, amenuna. Mimi pia nabamiza milango, Bibi. Muulize Avtar mlango wa veni.

Sasa mabaya. Jumatatu nilikwenda kwenye lile jengo, nikawaambia wimbo ule haupo. Wakadhani nataka pesa zaidi. Wakaniuliza kuna nani mwingine anautaka. Nikasema mama yangu. Wakaniuliza yuko kampuni gani. Barua yao ilikuja siku nne baadaye, mistari mitatu.

Shiraz ameondoka. Hakutukana. Alichukua gitaa lake na koti, akasema miaka miwili ya maisha yake imekwenda kwa sababu ya kitu ambacho hata siwezi kumwambia ni nini. Hilo linaniuma, na wewe ujue linaniuma.

Tumebaki wawili. Tarehe zilikwisha kupangwa, tunazipiga hivyo hivyo. Mahali pa wimbo wa tatu Avtar anapiga yale mapigo, mimi napiga besi, na pale penye maneno nafunga mdomo. Nasimama tu. Watu wanangoja. Jana mmoja alirusha bilauri. Sijui kama bendi hii itafika mwisho wa mwaka.

Mwari wako,
Zuwena


Walthamstow
20 Oktoba 1986

Zuwena wangu,

Marahaba. Goti linaendelea. Placida ameposwa na Leonard, fundi wa treni za chini, kijana mrefu, anakula vizuri. Mihogo imeadimika.

Kadi yako Kanti amenisomea. Umeandika kwamba pale Ilford, kwenye ule ukumbi ulio karibu na kituo, mlipofika kwenye wimbo usiokuwa na maneno na wewe umefunga mdomo, kuna mtu kule nyuma penye makoti alipiga kigelegele, na watu wakageuka, na hukumuona kwa ajili ya mataa.

Alikuwa mie.

Nilikuja na mama yake Avtar. Tumetia pamba masikioni, yeye nyeupe, mie nimepaka na marashi. Hatukukuambia maana ungeniletea kiti, nisingeona kitu. Nikasimama na goti langu. Nikawaona watoto wa watu wamelowa jasho na baridi yote hii. Nikakuona. Mungu wangu, Zuwena, unavyosimama vile, kiuno upande, kidevu juu. Shemsa mtupu. Nikamwambia mama yake Avtar, "Mtazame, yule pale Shemsa." Naye hakumjua Shemsa, lakini akatazama, akasema, "Haya."

Avtar akaanza yale mapigo, mapigo yetu yale, na ngoma ni ile ile iliyopigwa kwangu siku ya kukucheza. Nikangoja. Ukafunga mdomo. Ukumbi kimya, wengine wanaanza kukohoa, mmoja anataka kupiga mluzi. Na wewe umesimama peke yako na kitu ambacho ungeweza kukisema mara moja tu wakakupenda, hukisemi. Nilijua gharama yake. Nimekuona ukiilipa.

Basi mdomo ukafunguka wenyewe. Sikupanga. Tangu siku ya kumtoa Shemsa sijapiga kigelegele kama kile, nilidhani kimeshakufa ndani. Kikatoka kikapanda mpaka darini. Mama yake Avtar akanishika mkono. Halafu watoto wale wakaanza kupiga kelele, si za kuzomea, na wewe ukacheka pale juu, nikaliona jino lako la pembeni.

Nimemuuliza Bi. Time kwa simu kama nimevunja kitu. Amefikiri. Akasema hapana, kigelegele hakina maneno, hata mwanamume akikisikia hajui kimebeba nini. Kinatoka nje siku zote, ndiyo kazi yake, kuwaambia waliobaki nje kwamba ndani kuna jambo.

Umeniambia kwenye kadi kwamba Avtar anataka mtoe santuri nyingine wenyewe, kama ile ya gundi, na kwamba mnamtafuta yule mtu wa kule nyuma. Mmempata. Lakini jueni, sipandi jukwaani na siingii kwenye veni hiyo. Mashine yenu ileteni hapa, jikoni, Jumapili. Avtar apige mapigo, nitakapoona inafaa nitapiga. Nisipoona, mtakula mrudi zenu.

Na mwandikie Shiraz. Mwambie Bibi anamwita na yeye, na koti lake. Hakukosea kukasirika.

Nilitaka Kanti akuandikie hapa chini kigelegele chenyewe, ukipate kwa posta. Nimempigia hapa dukani, mara mbili, mbwa wa yule mzungu amejificha chini ya magazeti.

Bibi yako akupendaye mpaka mifupa,
Mwanamize

Mimi Kanti. Nimejaribu kwa herufi zetu za Kigujarati, na kwa hizi za Kiingereza. Hakiandikiki. Njoo Jumapili ukisikie.